Gesi ni Abiria: Mwongozo Kamili wa Kubeba na Kuhifadhi Makopo ya Gesi ya Kambi kwenye Gari, Joto la Dar

Ilikuwa Jumatano ya Januari, siku tatu baada ya kurudi kutoka kambi Bagamoyo. Jumapili usiku tulifika nyumbani watoto wameshalala. Mikeka na masufuria tukavishusha, vilivyobaki kwenye buti tukaviachia kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na siku zote hizo gari lilikuwa likishinda juani kazini. Mpwa wangu ndiye aliyelitoa kopo la gesi na kulisimamisha barazani. Likayumba.

"Anko, hili kopo halisimami."

Nikaliinamia kulitazama bila kuligusa. Kitako cha kopo la gesi kwa kawaida kimebonyea ndani, kama kitako cha kopo la soda. Hiki kilikuwa kimetokeza nje. Tulitoka barazani sote wawili kwa mwendo wa haraka usio wa mbio, ule wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia.

Halikulipuka. Lakini tangu siku hiyo nyumbani kwetu gesi ni abiria: hupanda gari wa mwisho na hushuka wa kwanza. Nimekuja kuona kwamba kambini mtu yuko macho na njiani yuko macho, ila safari ikishaisha gari hugeuka stoo bila mtu yeyote kuamua hivyo. Hapo ndipo kopo linapopikwa. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea kwenye siku ya kurudi, hata zile za mwanzo.

Jua kwanza unabeba nini

Gesi ya kambi utakayoikuta kwetu ni ya namna tatu. Lipo kopo refu jembamba, umbo la kopo la dawa ya mbu, lenye gramu 220 hivi, linaloingia ubavuni mwa jiko la mezani. Lipo kopo fupi nene la kuzungushia kwa nyuzi, la gramu 100, 230 au 450, ambalo wapagazi na wapishi wa Mlima Kilimanjaro wanalifahamu vizuri. Na upo mtungi wetu wa kila siku wa kilo 3 au kilo 6, unaofungwa kichwa cha jiko juu yake na safari ikaanza.

Makopo yale mawili ni bati jembamba la kutumika mara moja. Mengi hayana valvu ya usalama, kwa hiyo presha ikizidi kinachoachia ni bati lenyewe. Mitungi ni chuma kinene, na mingi ina valvu inayofunguka presha ikizidi, gesi ikatoka kidogo kidogo. Uani hilo ni jambo jema. Ndani ya gari lililopandishwa vioo ni balaa la aina nyingine.

Hesabu ya joto

Ndani ya kopo gesi imekaa kama majimaji, na juu yake pana mvuke. Tikisa kopo utayasikia yakicheza. Joto likipanda, majimaji zaidi hugeuka mvuke na presha hupanda. Kwa lugha ya fundi wa matairi: butani kwenye nyuzi joto 20 ina presha ya kama psi 15, yaani nusu ya upepo wa tairi la IST. Kwenye nyuzi 50 inafika psi 57. Kwenye nyuzi 80 inapita psi 130. Propani ni kali kupita hapo, kwani kwenye nyuzi 50 tu iko psi 230 hivi.

Sasa tuje Dar. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana hufika nyuzi 31 hadi 33 kivulini. Gari lililofungwa na kuachwa juani hupanda kama nyuzi 22 juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi vidole viwili hakubadilishi sana. Jumlisha mwenyewe: 33 na 22 ni 55. Makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na baadhi ya yale marefu yanayotoka Asia yameandikwa 40. Julai kusi ikivuma na mchana ukiwa nyuzi 29, bado hesabu inakuja 51. Na hiyo ni hewa ya ndani tu. Dashibodi iliyopigwa jua kupitia kioo cha mbele inaweza kupita nyuzi 70, na kopo lililolala juu yake linaifuata.

Wengi wanakosea hapa: wanadhani kopo likibaki nusu na presha nayo imebaki nusu. Sivyo. Maadamu ndani kuna majimaji hata ya kijiko, presha ni ileile ya kopo lililojaa. Tofauti ya kopo lililojaa ni kwamba majimaji yenyewe nayo hutanuka yakipata joto, na nafasi iliyoachwa juu yake ni ndogo. Yakiimaliza nafasi hiyo, presha hupanda kwa kasi ambayo bati haliiwezi.

Halafu kuna kuvuja, ambako hakuhitaji kopo lipasuke. Gramu 230 za butani zikigeuka mvuke wote zinakuwa karibu lita 95. Gari dogo lina hewa ya kama lita 3,000 ndani. Butani huanza kuweza kushika moto ikishafika karibu asilimia 2 ya hewa, na hapa umeshafika asilimia 3. Kopo moja tu limetosha kulifanya gari zima liweze kushika moto. Na kwa kuwa butani ni nzito mara mbili ya hewa, haipandi juu ikakupiga puani mapema. Inatandaa chini, kwenye mazulia na chini ya viti, ambako ndiko nyaya za viti na za redio zinakopita.

Hatua ya 1: Nunua kinachotosha, cha aina inayofaa

Kopo lisilonunuliwa halisahauliki kwenye gari. Jiko la mezani likifunguliwa lote hula kama gramu 150 kwa saa, kwa hiyo kopo moja refu ni moto mkali wa saa moja na nusu. Watu wanne, siku mbili, chai asubuhi na jioni, wali, samaki wa kukaanga na mchuzi wake: makopo mawili yanatosha, la tatu ni la wasiwasi. Maharage yachemshe nyumbani kabla ya kuondoka. Anayechemsha maharage makavu kwa kopo la kambi ana hela za kuchezea.

Kwenye aina, soma maandishi ya ubavuni. Makopo mengine ni butani tupu, mengine yamechanganywa na propani. Mchanganyiko ule umetengenezwa kwa ajili ya baridi, kwa sababu butani ikishuka chini ya sifuri haitaki kugeuka mvuke na jiko linazima. Anayepanda Kilimanjaro anauhitaji. Anayekwenda Kigamboni, Saadani au Mikumi haupatii kazi yoyote, anabeba tu presha ya ziada bure. Hata Lushoto usiku wa Julai butani inawaka. Mtu wa Dar akiwa na uchaguzi, achukue butani.

Na vile vichwa vya kuhamishia gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda kwenye kopo viache dukani. Gesi ya mtungi wa nyumbani ina propani ndani yake, kopo halikutengenezwa kwa presha hiyo wala kwa kujazwa mara ya pili, na kwa macho huwezi kujua umeacha nafasi kiasi gani juu. Kopo lililojazwa mtaani halipandi gari langu, hata likitoka kwa rafiki.

Hatua ya 2: Kagua kabla ya kupakia

Hewa yetu ya chumvi hula bati kimyakimya, hasa kwenye mshono wa kitako na pembezoni mwa mdomo. Kutu ya kufutika kwa kidole haina neno. Kutu yenye magamba au vishimo, hapana. Kopo lililobonyea kwenye mshono pia hapana, hata likiwa jipya na muuzaji akakupunguzia bei. Hakikisha kifuniko cha plastiki kipo, maana ndicho kinachozuia mdomo usigandamizwe na kitu kingine njiani.

Kama umelitoa stoo na una shaka, pakaza povu la sabuni mdomoni ukiwa nje. Mapovu yakikua, linavuja. Njia ya kiberiti wanayoitumia baadhi ya mafundi kwenye mitungi usiiige.

Kisha lipime kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito ubavuni kwa kalamu nzito. Ukirudi ukapima tena utajua kilichobaki, na hutabeba makopo matano yenye robo robo kwa kuogopa kuishiwa.

Hatua ya 3: Mahali pake ndani ya gari

Hapa ndipo aina ya gari inapoamua mengi, nami nitakaa kidogo.

Noah za zamani na Hiace zina injini chini ya viti vya mbele. Aliyewahi kukaa kwa dereva kwenye daladala ya Hiace saa saba mchana hahitaji kuelezwa: kiti kinachoma. Kwa magari hayo, chini ya viti vya mbele pamefutwa kabisa, hata kwa safari ya nusu saa. Peleka gesi nyuma. Kwenye magari mengine angalia bomba la moshi linapita wapi chini ya sakafu. Endesha kama nusu saa, simama, weka kiganja kwenye zulia sehemu mbalimbali za sakafu na buti. Palipo pa moto sipo.

IST, Vitz, RAV4, Probox, Prado: buti za magari haya si chumba cha peke yake, zimeungana na sehemu ya abiria. Kinachovuja nyuma mnakivuta nyote. Upande mwingine ubaridi wa AC nao unafika huko, hivyo ni faida na hasara. Magari yenye buti lililotengwa hukutenganisha na gesi kidogo, lakini buti lenyewe halipozwi na chochote, na juu yake ni bati linalopigwa jua moja kwa moja. Mimi kwa safari ya mchana napenda sakafuni nyuma ya kiti cha abiria wa mbele: pana kivuli, AC inafika, na mtu aliyekaa hapo atakuwa wa kwanza kusikia harufu.

Chombo kizuri ni kreti la plastiki lenye matundu pande zote. Simamisha makopo wima, mdomo juu, jaza mapengo kwa taulo au kanga ili yasigongane kwenye matuta, kisha funga kreti kwa mkanda au lishindilie lisisogee. Juu weka kitambaa cheupe au kile kizuia jua cha kung'aa cha kioo cha mbele. Usifunike kwa nailoni ikabana, maana gesi ikivuja itajikusanya humo.

Watu huniuliza kuhusu boksi la barafu. Linazuia joto kuingia, ni kweli, lakini pia limefungwa vizuri, na kopo likivuja humo gesi yote inakusubiri ufungue mfuniko kwa ajili ya soda. Tena barafu yenyewe inaliacha kopo limelowa na linaota kutu. Kwa njia ya saa mbili tatu nakubali boksi tupu lisilo na barafu, mfuniko umeegeshwa tu. Kwa gari litakaloegeshwa siku nzima boksi halisaidii, maana linachelewesha joto tu, halilizuii.

Na kitambaa kilicholowa? Dodoma kwenye hewa kavu kitambaa kibichi kinapoza kitu vizuri. Dar ya Januari hewa yenyewe imeshiba maji, kitambaa kinabaki kibichi na cha moto vilevile.

Keria ya juu ya gari ni jua tupu, hakuna gesi huko. Dashibodi na rafu ya kioo cha nyuma, hakuna mjadala. Dumu la petroli, jenereta, betri ya ziada na jiko la mkaa vikae mbali na kreti, na mkaa uliotumika jana usiupakie mpaka umeushika kwa mkono. Chembe moja iliyojificha katikati ya mkaa inaweza kulala usiku kucha.

Kabla ya kufunga mlango hakikisha kopo limetenganishwa na jiko. Kwa jiko la mezani, inua kile kishikizo kinachobana kopo, lichomoe, livalishe kifuniko. Kuacha kopo ndani ya sanduku la jiko limeunganishwa ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, kwa sababu sanduku linafungika vizuri na linaonekana nadhifu.

Hatua ya 4: Njiani

Gari likitembea na AC ikifanya kazi, hali ni nzuri kuliko wakati mwingine wowote. Weka AC ichukue hewa ya nje badala ya kuzungusha ileile ya ndani, au acha kioo kimoja wazi kidogo. Hakuna sigara, hata kwa aliyekaa mbele na kutoa mkono nje.

Foleni ndiyo inayoharibu. Kimara hadi Kibaha siku ya Ijumaa, au kusubiri kivuko Magogoni, gari limesimama na jua linaingia upande mmoja tu. Hamisha kreti upande wa kivuli au ongeza kitambaa. Maadamu mtu yumo ndani na anavumilia, kopo nalo linavumilia. Binadamu atalalamika kabla ya bati.

Mkisimama kula Chalinze, kumbuka ile nusu saa ya kwanza. Mmoja abaki na gari milango wazi, au kreti lishuke nanyi likae kivulini chini ya meza. Usiliweke jirani na mchoma mishkaki.

Hatua ya 5: Ukilazimika kuegesha

Kanuni ni kwamba gari halilali wala halishindi na gesi. Lakini maisha ni maisha: umetoka nyumbani alfajiri unapita kazini Posta, jioni mnaondoka moja kwa moja.

La kwanza, jiulize kama gesi inaweza kupanda jioni. Mara nyingi inaweza. Mtu anayekuja baadaye aje nayo, au ipitie dukani mkiwa njiani.

Ikishindikana, tafuta kivuli cha mchana, siyo cha asubuhi. Kivuli cha saa nne si cha saa nane. Ukiegesha upande wa magharibi wa jengo asubuhi unaona raha, saa nane jua limekufuata na linakaa mpaka saa kumi na mbili. Mwembe au mkungu ni rafiki, mnazi unakupa michirizi tu. Weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele, funika kreti, fungua vioo kidogo pande zote mbili. Kwa joto havisaidii sana, vinasaidia kama kuna kuvuja. Ukipata nafasi saa sita, nenda kafungue milango yote dakika kumi.

Maegesho ya chini ya jengo yana kivuli kizuri na yanavutia, lakini gesi nzito ikivuja kule chini haina pa kutokea, na wanaolipia ni wenye magari mengine. Sipaki humo nikiwa na gesi.

Pia usimwachie fundi gari lenye gesi. Gereji kuna kuchomelea, kuna cheche, na fundi hajui kilichomo chini ya mkeka wako. Kwa kuosha gari ni vivyo hivyo: kabla ya kukabidhi funguo, kreti lishuke.

Hatua ya 6: Kambini

Makopo ya akiba yakae kivulini nje ya gari, si ndani ya hema, mita kadhaa kutoka kwenye moto. Kivuli kinahama hapa pia, mpe kijana mmoja kazi ya kuhamisha kreti. Wakati wa kupika, sufuria isiwe pana hata ikafunika sehemu ya kopo kwenye jiko la mezani. Joto la chini ya sufuria hurudi kwenye kopo, na ajali nyingi za majiko haya huanzia hapo, pamoja na watu kupanga majiko mawili bega kwa bega chini ya sufuria moja kubwa ya pilau. Ukimaliza, kopo lipoe kabla ya kurudi kwenye kreti.

Hatua ya 7: Siku ya kurudi

Nilijaribu kujikumbusha kwa simu, ikalia nikiwa bafuni. Nikajaribu karatasi kwenye usukani, mtoto akachorea. Kilichofaulu ni hiki: tukiwa tunapakia kurudi, funguo wa mlango wa nyumba unaingia kwenye kreti la gesi. Huwezi kuingia ndani bila kufungua kreti, na ukishalishika mkononi huwezi kujifanya hulioni. Mama watoto alilalamika mara ya kwanza. Sasa ndiye anayeuweka.

Gesi ishuke kabla ya godoro, kabla ya mtoto aliyelala. Kisha pitisha mkono chini ya viti, kwenye mifuko ya milango na kwenye sanduku la jiko. Makopo hubingirika. Ukiwa hapo toa pia viberiti vya gesi, kopo la dawa ya mbu na la manukato: nao ni ukoo mmoja.

Nyumbani yakae nje penye kivuli na upepo, wima, juu ya rafu, mbali na mtaro, jiko la mkaa na watoto. Anayeishi ghorofani aweke kwenye baraza lisilopigwa jua. Kabati la jikoni juu ya jiko, chini ya kitanda na stoo isiyo na dirisha si mahali pake.

Ukibeba mtungi wa kilo 6

Uchukue kwa wakala anayeaminika, ukiwa na lakiri kwenye koki. Toa kichwa cha jiko, funga koki, rudisha kifuniko. Ndani ya gari usimame wima na ufungwe kwa mkanda. Sababu ya wima ni kwamba valvu ya usalama imewekwa juu palipo na mvuke. Mtungi ukilazwa, kitakachotoka ni majimaji, na tone moja la majimaji hutanuka kama mara 250 likigeuka gesi. Kuulaza kwenye buti la IST uende nao Mbezi Beach ni jambo la kila siku, najua. Utoke dukani na mtungi, uende nyumbani. Kupitia sokoni au saluni kutangojea siku nyingine.

Ukisikia harufu, au ukikuta kopo limevimba

Harufu ile ya kabichi iliyooza ikisikika mkiwa njiani: teremsha vioo kama ni vya kuzungusha kwa mkono, feni ya hewa usiiwashe, usiguse swichi yoyote zaidi ya zile za kusimamisha gari salama. Toka barabarani, zima injini, wote nje, milango yote wazi pamoja na buti. Usisimame sheli. Simu na sigara vikae mbali na gari, na rimoti ya funguo usiibonyeze. Subiri nusu saa au zaidi, upepo ufanye kazi yake. Kama kopo limeonekana na halifoki, libebe likae uwanjani. Likiwa linafoka, liache, sogeeni mbali, piga 114, Zimamoto.

Ukifungua gari lililoshinda juani ukakuta kopo humo ni la moto, usilinyakue. Fungua milango, ondoka, rudi likishapoa jioni. Likiwa limetokeza kitako au ubavu, hata kama limepoa na kimya, kazi yake imeisha: halirudi kwenye jiko, halitobolewi, halitupwi baharini. Letu tuliliweka kona ya uwanja penye kivuli, watoto tukawazuia, tukawapigia Zimamoto kuuliza.

Makopo matupu

Kopo linalodhaniwa tupu bado lina mvuke, na mara nyingi lina kijiko cha majimaji. Liunganishe na jiko, nje, uliwashe jiko mpaka moto ufe wenyewe. Kisha lipime: uzito ulioandika mwanzo ukitoa gramu za gesi ndio uzito wa bati tupu. Usilitie kwenye shimo la taka linalochomwa. Mtaani kwetu taka huchomwa Jumamosi asubuhi na watoto huja kutazama. Na anayeokota vyuma chakavu akipita, mwambie kabla hujampa kwamba hili ni la gesi, maana yeye ataliponda kwa nyundo lipate nafasi kwenye gunia.